Siku klachi ilipogoma kuachia

Mpendwa Dada,

Mgongo unauma kwa kukata miwa, viganja vimejaa malengelenge, lakini leo nimecheka peke yangu hapa kambini hadi wenzangu wakaniuliza kama nina homa. Nimekukumbuka wewe na ile pikipiki yangu, pale kwetu Murungu, mwaka 2012.

Ilikuwa siku yako ya mwisho ya kuripoti chuo cha uuguzi kule Kasulu. Basi la Kasulu lilikuwa linaondoka Kibondo saa nne asubuhi, na likikuacha, nafasi yako chuoni anapewa mwingine. Pikipiki nayo ilikuwa imesimama masika yote. Nikaiwasha, nikabana klachi, nikaingiza gia: ikaruka kama mbuzi, ikazima. Mara tatu.

"Waya umelegea," ukasema, maana wewe hukosi neno.

Nikaukaza waya. Bado. Ndipo nikakueleza: ndani ya injini kuna sahani zilizobanana, ndizo zinazopeleka nguvu kwenye tairi. Ukibana mkono wa klachi, zinatakiwa ziachiane. Zetu zilikuwa zimegandana kwa oili ya zamani, kama ugali wa jana chunguni. Dawa yake ni kuzishtua pikipiki ikiwa mwendoni, klachi imebanwa.

Ukapanda wewe, mimi nikasukuma. Injini inaunguruma, ukatia gia, pikipiki ikaondoka. Nikakimbia nyuma nikizibembeleza zile sahani: "Achia! Achia, jamani!"

Dada yangu, uliachia! Uliachia klachi, ukaiachia na barabara. Ukaingia kwenye mihogo ya jirani, ukashtuka, ukabana klachi na kukanyaga breki kwa pamoja. Tak! Sahani zikabanduka. Pikipiki ikatulia palepale, gia imo, injini haizimi.

"Nani aachie?" ukafoka, majani kichwani, tope hadi magotini. "Mimi au pikipiki?"

Jirani akatokea na jembe lake. "Kumbe mmekuja kunivunia!"

Ukamwomba radhi huku tunaondoka. Basi tulilikuta limeshawashwa. Kondakta akakutazama lile tope. "Dada, umetoka kulima?"

"Ninakwenda kusoma," ukamjibu, ukapanda.

Sasa nasikia akina mama wa Kumsenga wakifika zahanati unakofanya kazi wanakuulizia wewe kwanza. Mimi niliishia darasa la tano, maneno makubwa sina. Ninafurahi tu, hata siku ambazo mwili umechoka kabisa. Wiki iliyopita mwenzangu alijikata na panga mguuni. Nikamwosha, nikamfunga kitambaa safi vile ulivyonionyesha ulipokuja likizo. Damu ikakoma. Akaniuliza nilisomea wapi.

Nikamwambia, "Sisi nyumbani tumesoma."

Ubaki salama, Dada. Uwasalimie wagonjwa wako.

Mimi mdogo wako,
niliyekusukuma.