Mteja wa Mlango wa Mbele

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimekwisha. Mwambie shangazi yake ameuliza. Mimi huku sijambo, ila miguu inanivuta ikifika jioni, na hayo ni ya umri. Wewe nawe naona umeanza kuota kitambi. Usibishe, picha uliyotuma haikuficha kitu.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Uliuliza swali moja na ukaniomba nisikuzungushe: je, ukija, Baba atakujua? Ulisema safari ni ndefu, ruhusa kazini haipatikani ovyo, na huoni faida ya kuja kote huku ukasimame mbele ya baba yako akuulize wewe nani. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Kisha nikaona heri nikueleze yote, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha.

Chumba cha mbele bado ndicho duka. Cherehani iko pale pale dirishani, meza ya kukatia imejaa chaki, na futi ya kupimia haitoki shingoni mwa Baba; hata akienda kuoga lazima nimbembeleze aivue. Wateja ndio walioisha. Wa mwisho alikuwa bwana harusi aliyeleta kitambaa cha suti, na koti likatoka lina mikono miwili ya kushoto. Alikuwa muungwana, alilivaa mbele ya kioo, akashukuru, akaondoka nalo. Hakurudi.

Siku hizi Baba anashona kitu kimoja tu, kaptula za shule. Ni zako. Anasema mwanawe anakua upesi na shule zinakaribia kufunguliwa. Anazishona vizuri hasa, mshono umenyooka na mifuko imekaa. Namgawia jirani yetu, Mama Pacha, na wanawe wamebadilisha kaptula mpya mpaka mwalimu wao ameanza kuuliza baba yao amepata kazi gani. Basi jibu lako la kwanza ni hilo. Baba anakukumbuka sana, ila wewe anayekukumbuka ana vidonda magotini na pengo mbele. Huyo mwenye kitambi hamjui.

Jibu la pili linanihusu mimi, na ndilo gumu.

Baba alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikiosha vyombo anakuja kusimama mlangoni. Akawa ananiuliza kwa upole nimeingiaje humu ndani, na nikimwambia mimi ni mwanawe, anacheka kicheko cha mtu mwenye hofu. Akauficha ule mkasi mkubwa chini ya gunia la vipande. Akaenda kumnong'oneza kinyozi wa mkabala kwamba kuna mwanamke ameingia nyumbani kwake, anapika, anafua, anadeki, na hajui shabaha yake ni nini. Kinyozi akanijia anacheka, akasema kama wezi wenyewe ndio hawa, basi nipite na kwake nikamwibie. Nilicheka naye. Nilipofunga mlango nililia.

Asubuhi moja nilitoka uani kuanika pazia, nikasikia komeo limefungwa nyuma yangu. Nikagonga, nikaita Baba, Baba. Akajibu kutoka ndani kwamba nisipoondoka ataita watu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikazunguka hadi upande wa barabarani, pazia limeloa mikononi, nikiwaza nitapenya wapi, naye akaniona kwa dirishani. Laiti ungeuona uso wake ulivyochangamka! Akafungua mlango wa duka, akanikaribisha, akanipangusia kigoda kwa kiganja cha mkono, akauliza nimeleta kazi gani. Nikalitazama lile pazia. Nikamwambia nataka gauni.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Kila kukicha nachemsha chai, natoka kwa nyuma, nazunguka na chupa ya chai na kitambaa, nabisha hodi mbele. Mwanamke aliye ndani humwogopa, mteja hamwogopi. Mteja akisema tunywe chai kwanza, fundi, anakunywa. Mteja akimeza kidonge chake, ambacho ni kipande cha sukari, naye anameza cha kwake, kwa sababu hataki kumwacha mgeni anywe dawa peke yake. Ni adabu yake ile ile unayoijua. Mama Pacha aliponiona nazunguka hivyo aliniuliza kama nimefukuzwa kwetu. Nikamjibu hapana, nimepandishwa cheo. Ikifika jioni anakuwa amechoka, hana tena nguvu za kumshuku mtu, ananiacha nimvue viatu na kumlaza.

Nisikudanganye, mwanzoni niliona raha. Wewe, ilikuwa lini mara ya mwisho Baba kukusikiliza bila kukukatiza? Mimi mteja ananisikiliza. Ananipima mabega na kiuno, ananiambia nimepungua, anauliza kazi gani inayonikondesha hivyo. Nilimwambia ninauguza mzazi. Akatikisa kichwa, akasema wazazi wakizeeka wana vitimbi, nisichoke, na kwamba huyo mzazi wangu ana bahati. Nikamwambia sijui kama analijua hilo. Akasema analijua tu.

Siku ile nilipaswa kunyamaza hapo. Tamaa ikaniponza. Nikamwuliza kama na yeye ana watoto.

Akanieleza habari zako kwa furaha, jinsi ulivyo mtundu, jinsi unavyotoboa kaptula kwa kuteleza kwenye kifusi. Kisha akaiweka futi mezani. Akasema alikuwa na binti pia, mkubwa wako, aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano macho yake yalipochoka. Akasema aliugua homa, akafa, angali mdogo. Akanionyesha kwa mkono kimo chake, juu kidogo ya meza ya kukatia. Akalia, mdogo wangu, Baba yule ambaye hata siku tuliyomzika Mama alikaza uso. Alilia akijifuta kwa kipande cha kitambaa, huku akiniomba radhi kwa kunisumbua.

Nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikamwambia ndiye mimi, Baba, sikufa. Akaruka nyuma kama aliyeunguzwa. Akasema nisimfanyie mzaha mtoto wake marehemu, nitoke dukani kwake. Nikatoka. Nilisimama kibarazani mpaka nikaona ametulia, nikabisha hodi upya, akanikaribisha. Akanisimulia tena kuhusu binti yake. Safari hiyo nikafanya anavyofanya mtu mwingine yeyote. Nikampa pole.

Sasa ananisimulia karibu kila siku, na kila siku nampa pole. Anashukuru, anasema nina moyo mzuri. Ninarudi kwa nyuma, nawasha jiko, nakaa. Mama Pacha ananiita jirani, kinyozi ananiita mama, fundi ananiita mteja wangu. Juzi nilijikuta nimemwombea yule mtoto alale pema, nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimemwombea kwa dhati.

Utaona safari hii sijakuandikia kwamba Baba anakusalimu. Zile salamu za nyuma nilizitunga mimi, ili usituone tumekusahau. Daktari wake anasema mwili una nguvu, miaka bado ipo. Sikulalamikii, na sitaki apelekwe popote. Mteja wake nitakuwa mpaka mwisho. Lakini uliniomba nisikuzungushe, basi nami sikuzungushi. Hatakujua. Ukisubiri akujue hutakuja kabisa. Usije kwa ajili yake. Njoo kwa ajili yangu. Njoo ukae na mimi uani, unikumbushe jinsi tulivyogombana, unisingizie yale uliyoyafanya wewe, uniite jina langu kwa ile sauti yako mbaya. Katika nyumba hii nimeshafiwa na mimi mwenyewe, nami ndiye ninayempa pole mfiwa. Nahitaji mtu mmoja wa kukanusha.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie nguo alizonitumia zilinienea. Wabusu watoto wote, mkubwa mwambie asome. Kinyozi na Mama Pacha wanakusalimu, na hizo ni salamu za kweli, wamezitoa kwa midomo yao. Nakutakia kazi njema na afya njema.

Ni mimi dada yako,
niliye hai.