Mchele wa Pasaka

Jumatatu, 7 Aprili 1884

Nimechoma hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo, toka alfajiri. Mkono wa kulia umevimba. Chuma chenyewe kizito, mabamba mawili bapa yenye mipini mirefu kama koleo, msalaba umechongwa kwa ndani. Unamimina uji wa unga, unabana, unaweka motoni, unasali Baba Yetu moja, unafungua. Si kazi ya kila mtu. Ni kazi yangu, mwaka wa tisa huu. Kijiji chote cha misheni hapa Bagamoyo kinapopiga magoti, kinapokea kilichotoka mkononi mwangu. Mimi niliyeuzwa kwa vipande viwili vya kaniki.

Agnesi, anayekitamani chuma hiki, amepita mlangoni mara tatu. Macho ya paka aliyeona samaki. Amemwambia Sista, msimamizi wetu, mikono yangu inatetemeka. Ndiyo, inatetemeka. Na ulimi wake je?

Pasaka hii anakuja mwanangu Gaspari. Katekista. Anatoka Kiwangwa na watu aliowafundisha mwenyewe, watapokea Komunyo kwa mara ya kwanza. Nani mwingine hapa ana mtoto kama huyo? Hakuna.

Jumanne, 8 Aprili

Balaa. Pipa la unga wa ngano lililotoka Unguja limeingia ukungu na fukusi. Mvua hizi! Nimechekecha mpaka mgongo umekataa. Uliobaki hautoshi hata robo ya watu. Nikimwambia Sista atasema nimeutunza vibaya, atampa Agnesi chuma.

Simwambii.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata dawa. Mchele wangu, wa jaruba langu la bondeni, mweupe kama meno ya mtoto. Nimeuosha, nimeutwanga, nimeuchekecha kwa kitambaa, nimechanganya na ule unga uliobaki. Na kwa nini nisifanye hivyo? Mgeni wa heshima hapewi muhogo. Anapikiwa wali. Liwali akija, wali. Harusi, wali. Bwana Yesu naye apate kilicho bora cha nyumba yangu.

Zimetoka nyeupe kuliko zote nilizowahi kuchoma. Sista kaziangalia, kasema, "Vizuri, Monika." Mwanamke huyo hasifu kitu. Nikapita mlangoni kwa Agnesi na kikapu kichwani, polepole, aone.

Alhamisi Kuu, 10 Aprili

Gaspari kafika na watu wake, wamelowa wote. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikalia kama mjinga. Amekonda. Ana sauti ya mtu mzima sasa. Nimempitisha nyumba kwa nyumba apate kuamkia watu. Alichoka mlango wa tano. Sikumwachia.

Misa ya leo tumetumia hostia za zamani. Zangu mpya zinangoja Pasaka.

Ijumaa Kuu, 11 Aprili

Gaspari kawaweka watu wake barazani kwangu, anawapima kwa maswali ya dini. Nimekaa nyuma, najivuna. Akauliza, mkate wa Komunyo ni wa unga gani? Wakajibu, ngano. Akasema, ngano tupu na maji. Ukiwa wa mtama, wa mchele, wa muhogo, hata Padri asome maneno yote, hapo hakuna kitu. Mkate tu.

Hakuna kitu.

Nimekwenda uani nikakaa peke yangu.

Sista hakuniambia. Alinionyesha unga, maji, moto, basi. Miaka tisa! Namchukia. Nawachukia wote wenye kujua mambo na kuyafungia kabatini.

Nikinyamaza, nani atajua? Watapiga magoti. Gaspari atafumba macho, atafungua kinywa, na mimi nitamlisha mwanangu wali wa jaruba langu huku akiuabudu.

Nikisema, chuma kimekwenda. Na bila chuma mimi nani? Kizee tu kinachongoja sanda ya misheni.

Nimenyamaza.

Jumamosi Kuu, 12 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Padri anapanga mishumaa. Nilisimama wima, sikuegemea ukuta. Nikamweleza pipa, fukusi, mchele, vyote. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe. Akamwita Sista. Sista alilia kwa hasira, akanena kwa lugha yao, nami nikanena kwa yangu, kwamba aliyenifundisha nusu asinidai nzima. Padri akatunyamazisha. Akaniambia nilete kikapu.

Hostia zangu wamezila kuku wa misheni. Nilisimama nikawatazama mpaka ya mwisho.

Chuma amepewa Agnesi. Ngano safi iliyopatikana, kwa kuombaomba huku na huku, inatosha hostia ya Padri na za watu wapya tu. Nimeungama. Padri kanipa malipizi mepesi. Ningependa angenipa mazito.

Jumapili ya Pasaka, 13 Aprili

Wapya wamepokea. Sisi wengine wote tumerudi nyumbani bila kupokea, watu waliofunga Kwaresima nzima na kuungama. Padri alisema unga umeharibika, hakunitaja. Hakuhitaji. Agnesi ana mdomo.

Kisimani: "Mama Pilau! Shikamoo Mama Pilau! Mchuzi uko wapi?" Kicheko mpaka ndoo zikamwagika. Mzee mmoja akatema mate karibu na mguu wangu. Nikamwambia, "Tema vizuri, umekosa."

Wana haki. Nawachukia hivyo hivyo.

Gaspari aliwasindikiza watu wake mpaka mbele, akawapisha, akarudi nyuma bila kupokea. Pasaka, na katekista hakupokea. Hakunitazama.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipika samaki, Gaspari akala. Baadaye, anaosha mikono:

"Mama, ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Mbona hukunyamaza?"

"Ungefumba macho," nikamwambia. "Wewe ukipokea hufumba macho, toka mtoto."

Akakaa. Kisha akasema vizee vya Kiwangwa havimsikii. Vinamwita mtoto. Vinamuuliza amezaa lini, amezika nani, hata avifundishe kufa. Anataka niende naye nikakae kule.

Nikamfokea. Unanionea huruma?

"Huruma gani, mama? Ningekuwa na huruma ningekuacha hapa upumzike."

Kichwa hicho hakukitoa kwa baba yake.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeaga. Wengi hawakutoka ndani. Sista alikuja, akashika mkono wangu uliovimba, akashindwa kusema. Nami sikumsaidia. Kwa Agnesi nilisikia harufu ya kuungua, nikacheka peke yangu njia nzima mpaka mwisho wa minazi. Halafu nikaona haya. Kidogo.

Ijumaa, 18 Aprili

Kiwangwa. Miguu yote malengelenge. Waliniletea machela, nikawafukuza nayo. Nimefika kwa miguu yangu. Watu wameona.

Jumamosi, 19 Aprili

Gaspari kanipeleka uani kwa vizee, akaniacha. Wanne, wanamenya muhogo. Hawakuniangalia. Mmoja akasema kwa Kikwere, nami nusu naelewa, kwamba mtoto kashindwa kaleta mama yake. Wakacheka. Mkeka ulikuwa mpana, hakuna aliyesogea. Nikakaa chini, juu ya tope. Nikachukua kisu, nikamenya.

Sala sikuanza. Niliwasimulia mchele. Jinsi nilivyoutwanga, ulivyokuwa mweupe, kuku walivyoula. Mmoja akauliza mchele una kosa gani, si chakula cha heshima? Nikamwambia, nami nilisema hivyo hivyo. Lakini aliyekuja kula amechagua mwenyewe chakula chake. Sijui zaidi ya hapo.

Wakamenya.

Aliyekuwa karibu nami, mwenye kovu la mnyororo shingoni, akauliza bila kuinua macho:

"Ulipomwambia yule mkubwa wako, alikupiga?"

"Hapana."

"Akakuuza?"

"Hapana."

Akatupa ganda. Akamenya muhogo mwingine mpaka mwisho. Kisha akainua makalio, akasogea, akapangusa mkeka kwa kiganja pale alipokuwa amekaa.

Nikakaa.