Mizani Chini ya Magurudumu

Jumatatu, 11 Mei 1981

Kifua kibaya tangu alfajiri. Nimekaa kibarazani na blanketi, kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Daktari hasemi tena habari za kupona. Ananiuliza tu kama nalala.

Josephat, mkwe wangu, kapita mchana kunipa habari za ndege yake. Yeye ndiye rubani wa ile ndege ndogo ya dawa. Kivuko cha Busisi kimeharibika tena, zahanati za ng'ambo na visiwani hazina kitu, na ndege yenyewe haina nafasi. Ukipakia wagonjwa wawili, maboksi yanabaki chini. Sasa yeye na Ngosha, fundi wake, wanaifungia sanduku la bati jepesi chini ya tumbo, refu kama mtumbwi. Mizigo ikae humo, viti vibaki kwa watu.

Ngosha alikuwa mlangoni. Akasema ndege imepata mimba, na aliyeitia mimba hajulikani. Nilicheka hadi nikakohoa damu kidogo. Sikumwonyesha mtu.

Jumatano, 13 Mei 1981

Sanduku limefungwa. Sheria yao ni hii: ndege ikiongezwa kitu, ipimwe upya, kila gurudumu juu ya mizani yake. Mizani ya kiwanjani imekufa, spea hakuna. Josephat kaazima mizani tatu za pamba kwenye ghala moja huko Usagara. Msimu haujafunguliwa, zimekaa bure.

Niliposikia ghala lile, kijiko cha uji kikanianguka. Binti yangu Kokushubira akadhani ni mkono tu. Akaniokotea.

Josephat ana furaha. "Baba, imetoka nyepesi kuliko hesabu zetu! Sanduku tutalijaza." Alipanda mizani hata yeye mwenyewe, akajikuta amepungua. "Hizi foleni za sukari zitatumaliza."

"Kama Msukuma amepungua hivyo," Ngosha akadakia, "Mhaya aliyekosa ndizi mwezi mzima je? Mzee, tukikupandisha wewe mizani haitashtuka."

Nikauliza kama zina uhakika.

"Zina lakiri ya mkaguzi, Baba. Tena moja ni ileile iliyomshinda marehemu." Alisema bila uchungu. Marehemu ni baba yake, Mzee Shimba.

Lakiri ni yangu.

Ijumaa, 15 Mei 1981

Niandike sasa, maana pumzi inapungua.

Mwaka wa sitini na nane nilikuwa mkaguzi wa mizani. Msomi, Kilatini kichwani, shati jeupe. Karani wa ghala lile aliniomba nimsaidie. Nikazifungua zote tatu, nikapiga tupa chuma kimoja cha ndani, mahali ambapo mkulima hafiki. Kisha nikazifunga kwa lakiri ya risasi. Ikiwa tupu, inasoma sufuri. Ukiweka jiwe la kilo moja, huoni kosa. Weka gunia, inaiba. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo inavyozidi kuiba. Shukrani yake ilikuwa mabati ya nyumba hii. Mvua ya jana ilinyesha juu yake usiku kucha, nami chini yake.

Mzee Shimba peke yake alikataa. Alisema gunia lake amelibeba tangu shambani, na shingo yake haijawahi kumdanganya. Wakaniita mimi mtaalamu. Nikaweka jiwe langu la kilo moja mbele ya watu wote. Ikasoma sawasawa. Watu wakacheka. Toka siku hiyo wakamwita Shingo. Akisimama mkutanoni kijijini, mtu anamuuliza: shingo yako inasemaje? Akaacha kusimama. Akaacha pamba. Akafa hivyo, Shingo.

Miaka ikapita, mwanawe akaja kuposa kwangu. Nilikubali haraka na mahari nikaipunguza. Watu wakasifu ustaarabu wangu.

Sasa ndege ile ina uzito wa ziada wa mtu mzima ambao hakuna anayeujua. Na mizigo nayo imepimwa juu ya mizani zilezile.

Leo wameijaribu kwa nusu mzigo, kisiwani. Josephat karudi jioni. Uwanja wa kule ni mfupi, nyasi tu, na mwisho wake ni ziwa. Aliumaliza wote kabla ya kuinuka. Ngosha kayachomoa matete kwenye magurudumu.

"Sanduku linavuta upepo," Josephat akasema. "Nitaizoea."

Nikamwambia punguza mzigo. Akaniambia kwa upole kwamba watu wanasubiri dawa. Sikuongeza neno. Nilikuwa na neno moja tu la kuongeza.

Jumamosi, 16 Mei 1981

Homa. Sikuandika. Nilifikiri labda nife kwanza, halafu mtu mwingine agundue. Haya nayo niliyafikiri.

Jumapili, 17 Mei 1981

Padri kaleta komunyo nyumbani. Nikakataa, nikasingizia kichefuchefu.

Baada ya chai Kokushubira akasema kesho anapanda ndege. Ni muuguzi, chanjo haziendi peke yake. Sanduku litajaa pomoni, na yeye nyuma na wauguzi wawili.

Hapo ndipo nikamwita Josephat, nikamwambia afunge mlango.

Na hili niliandike wazi, maana ndilo baya kuliko yote. Alipokuwa hatarini mtoto wa Shimba peke yake, nilinyamaza. Nimesema ilipoingia damu yangu.

Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Baba yangu alipokuja kukuomba uipime tena kwa gunia, ulimwambia nini?"

Kumbe alijua kwamba baba yake alikuja. Shimba nilimwambia arudi shamba, mizani si mambo ya shingo.

"Basi," akasema. Akavaa kofia, akaenda kiwanjani kuzuia safari. Hakunitukana. Ningepumua vizuri zaidi kama angenitukana.

Jumatatu, 18 Mei 1981

Ndege haikuruka. Kokushubira ameniletea uji, ameuweka chini, ametoka. Kwa mara ya kwanza hakunipa mkononi. Ameshaambiwa.

Visiwani wanasubiri. Hilo nalo ni langu.

Saa nne limekuja Landrover. Ngosha na Josephat wamekishusha kitu kizito uani, wamekiweka mbele ya kibaraza changu. Ni mizani. Ngosha leo hana utani. Ameniamkia shikamoo akitazama pembeni.

Halafu akashuka Ng'washi, mjane wa Shimba. Josephat alikwenda kumchukua Usagara asubuhi. Ameniletea michembe ya viazi kwenye kikapu, na kuku. Kuku.

"Pole na ugonjwa, mzazi mwenzangu," amesema. "Mtoto kanitoa shambani mbio, nikajua tunazika. Kumbe unaandika."

Nimemkaribisha kiti. Amekivuta hadi mbele ya mizani. Akacheka kidogo.

"Hii naijua. Imekuja kufanya nini nyumbani kwa watu?"

Josephat amekuja kwangu. Ameweka bisibisi na koleo juu ya blanketi langu, kwenye magoti. "Mimi umeshaniambia, Baba," amesema polepole. "Mfungulie mama."

Kuna gunia la mahindi ndani ya gari. Ngosha amekwenda kulileta.

Nimeomba dakika moja nimalize mstari huu. Risasi ya lakiri imepauka lakini alama yangu bado inasomeka. Ng'washi amekunja mikono, ananisubiri kwa adabu, kama wanavyosubiriwa wataalamu. Mkono wangu hauwezi kubana koleo. Sasa ameinuka, anasema nimpe yeye ashike upande mmoja wa koleo