Mikeka ya Mama Margaret

Mama Margaret,

Leo nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza changu kwako kilikuwa kile tulichoelekezwa kanisani: mimi mzima, shule nzuri, Mungu akubariki. Nadhani huko uliko sasa hawahitaji mkalimani, na haya ya leo kwa Kiingereza nisingeyaweza.

Mchungaji alitukuta uani, Bibi anaanika mpunga. Alisema kwa upole kwamba umefariki huko Uingereza, na hapo hapo akaongeza, "Lakini msihofu. Tumpe ameshapata mfadhili mwingine, bwana mmoja na mkewe. Aandike barua ya shukrani, nitakuja kuichukua."

Bibi aliacha mpunga. "Mtu amenilelea mjukuu, halafu afe kama kuku?"

Basi akatandika mikeka. Mama, watu walikuja! Na ndizi zao, na mchele, wakakaa chini kama msiba wa humu humu Matema. Picha yako, ile umesimama kwenye theluji, ikapita mkono kwa mkono. Mama Atu, jirani yetu, akaitazama sana. "Maskini, ua limejaa hivi, nani alikuwa anamfagilia?" Watu wakacheka, kisha wakalia. Nafikiri kila mmoja alikuwa analia wa kwake. Mimi wakanishika mikono: "Pole mwanetu, umefiwa na mama mara ya pili."

Nilitamani kujificha. Maana Mchungaji alipotamka kwamba umekufa, cha kwanza kunijia si wewe. Ni ada. Siku hizi kila kitu ni kulipia, hata dawa. Nikajiona nimerudi shambani, sare namwachia mwingine. Aliposema mfadhili yupo, nikapumua. Nilipumua, Mama. Na machozi hayakuja, siku ile wala zilizofuata.

Bibi aliliona hilo. Mchungaji aliporudi kuchukua barua, akamwambia, "Mikeka bado iko chini. Mtoto wa marehemu hajalia, wewe unamtafutia mama mwingine?"

"Bibi, wasipopata jibu nafasi atapewa mtoto mwingine."

Wakanigeukia wote wawili, mimi ambaye hata kwenye kwaya huwa nachezesha midomo tu. Nikasema nitaandika, ila nitaanza kwa kuwaeleza kwamba nimefiwa.

"Tumpe, mtu mgeni humwanzii na kilio," Mchungaji akasema. "Wataona huna shukrani."

Labda kweli. Lakini nilikaa nikaandika, yeye akisubiri pamoja na Bibi, kikombe cha chai mkononi.

Kuna jambo lilikuwa linanisumbua siku zote. Kila barua ulisema unanisomesha kwa ajili ya Yesu. Nilifurahi, na nilikuombea. Ila moyoni nilijiuliza: na kwa ajili yangu je, hata kidogo? Au mtoto yeyote angefaa? Sikuthubutu kukuuliza, na sasa ndiyo basi.

Nilipotaka kuwaeleza hao wapya ulikuwa mtu wa namna gani, sikujua nianzie wapi. Hatujawahi kuonana. Ndipo nikakumbuka jino. Niliwahi kukutajia mara moja tu, pembeni ya karatasi, kwamba jino linaniuma. Barua yako ilipofika lilikuwa limeshang'olewa, hata mimi nimelisahau. Wewe ukauliza, "Jino lako linaendeleaje?" Kabla ya Yesu, kabla ya masomo. Jino.

Hapo yakaja. Nililia mpaka karatasi ikaloa, ikabidi nianze upya. Bibi aliinuka, akaanza kukunja mikeka.

Mchungaji ameichukua barua hivyo hivyo, na msiba wake mwanzoni. Jibu bado. Huenda watamtaka mtoto mchangamfu zaidi. Naogopa, sikufichi.

Ndaga fijo, Mama. Asante sana, kwa lugha ya Bibi. Lala salama. Wakinipokea, nakuahidi sitawaandikia kwamba mimi mzima siku ambayo si mzima. Wasiponipokea, bado nitakutaja kila nikisali: kwa ajili ya Yesu, na kwa ajili yako.

Mwanao,
Tumpe