Senene Ndani ya Miwani ya Daktari

Mama Koku wangu,

Huko Muleba jua linatosha kuanika kahawa? Huku Bukoba nimeng'olewa gego bila kutoa hata sauti.

Haya, nimedanganya! Nilikaza mdomo, nikamwambia daktari nitazikwa nalo. Akanivika miwani ya VR, ile inayokuonyesha mambo kama vile umo ndani yake, ili nisione koleo lake. Nikajikuta uwanjani usiku, taa zinawaka, senene, wale panzi wetu watamu, wanaanguka kwenye mabati. Nikawarukia kwa mikono miwili.

"Mzee, achia kofia yangu! Mimi si senene!" nesi akapiga kelele.

Nikacheka mdomo wazi, daktari akaliwahi gego.

Sasa nina pengo na njaa. Desturi yetu mume hutoa gauni, mke hutoa senene: gomesi ya msimu nilikununulia, ukaringia nayo kanisani, lakini senene wangu sijawaona. Nikaangie bakuli moja tu, nitatafunia upande wa kushoto.

Mzee wako