Mwongozo kwa Msomaji Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza! Kichwa: "Kuhamia Toleo Jipya la Mfumo wa Kompyuta kwa Kuujenga Kutoka Msimbo Chanzo — kwa Anayeanza." Anayeanza ni mke wangu, lakini hilo sikuliandika. Wenzangu wa mradi unaotengeneza mfumo huo wanadhani nimejitolea kwa ajili ya wanaoanza wote duniani. Waache wadhani.

Hali ni hii. Laptopu yake ni kongwe, na programu ya kupigiana simu kwa picha imegoma kwenye mfumo wa zamani. Mfumo mpya uliokwisha tengenezwa hauitambui kadi yake ya mtandao mpaka utiwe kiraka, mistari michache ya kurekebisha kasoro, nilichokiandika mwenyewe. Kwa hiyo lazima aujenge wote upya kutoka maandishi yake ya asili, huko huko aliko, kwa mikono yake ya uuguzi. Mimi niko huku, yeye yuko safari ya siku mbili. Tangu Januari sijamwona uso. Sauti tu, kwenye ile simu yake ya vibonye, na sauti hainitoshi. Basi, nimelisema.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtumia kurasa za kwanza. Kazichapisha ofisini kwao hospitalini, kanipigia huku anacheka. Eti nimeandika kama mtu anayepiga soga na mafundi wenzake.

"Hapa umesema 'kama kawaida'. Kawaida ya nani, Bwana Kiraka?"

Jina hilo alinibandika mwaka tuliooana, kwa sababu kila kilichoharibika ndani ya nyumba nilikitia kiraka badala ya kununua kingine. Nimezifuta "kama kawaida" zote. Zilikuwa nyingi, aibu tupu. Nimefuta na "rahisi tu". Anasema ukimwambia mgonjwa sindano haiumi, halafu ikauma, hatakuamini tena maisha yake yote.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yangu kapita kunywa chai. Kasoma mwongozo juu juu, kauweka mezani.

"Badala ya kumwandikia mkeo kitabu, si upande basi uende?"

Nikamwambia seva za chuo, zile kompyuta kubwa ninazozitunza, haziwezi kubaki peke yake. Akauliza kama zinanyonya. Huyu dada!

Lakini kanigusa penyewe. Mkataba wa mke wangu unaisha mwezi huu. Hospitali inataka asaini wa mwaka mwingine, na jibu wanalitaka Ijumaa. Mimi nataka arudi. Yeye alishaniambia njoo, mara mbili, na mara zote mbili nikamjibu habari za seva. Sasa haniambii tena. Nami simwambii rudi. Kila mtu kajikausha, tunaongea habari za kompyuta.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzuri! Leo kafika hatua ya kujenga. Unaiamuru mashine, inaanza kujitengenezea mfumo kipande kwa kipande, na maandishi yanapanda kwenye kioo bila kukoma. Kwa laptopu ile ni shughuli ya kutwa. Kanipigia mapema.

"Umeandika 'subiri'. Nasubiri mpaka lini? Nitajuaje kama inafanya kazi au imeshakata roho?"

Swali la haki. Nikawasha kompyuta yangu, nikaanza kujenga vile vile, ili tuone mistari ile ile. Tukakaa hivyo mchana kutwa, simu sikioni, simu ikipata moto tunakata, tunapigiana tena. Hatukusema la maana. Kanielezea chumba chake: dirisha, beseni la kunawia, kitanda, meza, kiti kimoja. Akija mgeni anampa kiti, yeye anakaa kitandani. Nikasikia anamenya chungwa. Nilitamani niwe pale, nipewe hata kipande kimoja, hata lile ganda.

Nimeandika kwenye mwongozo: "Maandishi yakiendelea kupanda, mashine ni nzima. Kaa nayo."

Jumanne, 11 Machi

Hakupiga. Jioni katuma ujumbe kwamba kakiweka kiini kipya, ule moyo wa mfumo, kaizima mashine, kaiwasha, imewaka. Peke yake, kwa kufuata maelezo yangu. Hakuwa na swali hata moja.

Nilifurahi kwa muda wa kunywa maji. Halafu nikaona ujinga wangu: kila ninapoandika vizuri zaidi, haja yake kwangu inazidi kupungua. Nikaenda kwenye hatua inayofuata, nikaandika sentensi moja ya kuvuruga, makusudi, ili akwame anipigie. Nikaitazama. Ilikuwa imekaa vizuri, mbaya kabisa. Nikaifuta, lakini kwa shingo upande.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa! Na safari hii sikukusudia.

Hatua ya mwisho, mashine inakuonyesha mafaili ya mipangilio, la zamani na jipya, inakuuliza ubaki na lipi. Nimeandika: "Chukua jipya." Basi, nukta. Nikasahau faili la watumiaji! Lile jipya huja na majina ya mashine yenyewe tu. Majina ya watu yamo kwenye la zamani. Mimi nikifika hapo vidole vyangu hulibakiza la zamani vyenyewe, kichwa hata hakina habari. Yeye kafuata nilichoandika. Kachukua jipya.

Kanipigia kutoka kwenye korido ya wodi, sauti chini.

"Naandika jina langu, inasema hakuna mtu kama huyo."

Picha zetu zote zimo mle. Nikamwambia hazijafutika, usiguse kitu. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Nakuja."

 Hapo hapo mgonjwa akamwita, akakata simu.

Nimekwenda kwa mkuu wangu kuomba ruhusa. Akauliza, na seva atabaki nazo nani? Sikujua jibu langu linaudhi kiasi hicho mpaka niliposikia mtu mwingine analitoa. Nikamwambia zitabaki na mwenye chuo. Kasaini. Ruhusa inaanza Jumatatu.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe wake, asubuhi: "Nimeingia."

Katumia ukurasa wa mwisho, "Mambo Yakiharibika", ambao niliuandika kwa kujifurahisha tu. Kaiwasha mashine katika ile hali ya dharura isiyouliza jina, katafuta nakala ya faili la watumiaji ambayo mashine hujiwekea yenyewe kila siku, kairudisha mahali pake. Yeye! Aliyekuwa ananiita nije nimzimie redio.

Ujumbe wa pili: "Ukurasa huo umeuandika vizuri. Huna haja ya kuja kwa ajili ya kompyuta."

Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikausoma nimekaa. Nimeongeza onyo la faili la watumiaji kwenye mwongozo, kwa herufi nene. Umekamilika sasa. Wenzangu wa mradi wamenipongeza. Najisikia kama nyumba iliyohamwa.

Leo ndiyo siku ya kutoa jibu hospitalini. Hajasema kitu. Sijauliza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwona! Kapiga saa nne asubuhi hii, kwa picha. Kapunguza nywele. Kavaa miwani ambayo siijui. Tulitazamana.

"Umezeeka, wewe," kasema.

"Ni kioo chako kibovu."

Kacheka. Nikajikaza, nikamuuliza jana kawajibu nini.

"Nimesaini. Mwaka mmoja."

 Kabla sijafungua mdomo mlango wake ukagongwa, jirani anaazima pasi. Kasema ngoja kidogo, kainuka. Kwa hiyo naandika huku namngoja.

Kaiacha kamera inatazama chumba. Naliona dirisha. Naliona beseni la kunawia, na ncha ya kitanda. Kwenye kiti chake kuna sweta, lile la bluu nililolitia kiraka kiwikoni. Hajalitupa.

Na kuna kiti cha pili.

Kiko upande wa pili wa meza. Kipya. Miguu yake bado imevikwa nailoni za dukani, na karatasi ya bei inaning'inia mgongoni. Hakijakaliwa na mtu.

Barua ya ruhusa iko hapa mbele yangu. Ni ya wiki moja tu, na kiti hicho si cha mgeni wa wiki. Namsikia anamwambia jirani pasi asiirudishe leo. Mlango umefungwa. Anarudi mezani na mimi bado nakitazama kile kiti.