Maji ya Kunawia Wageni

Alhamisi.

Na bado mkuu wa shule anasema ziara imefana.

Asubuhi niliwafundisha Kidato cha Pili kuhusu kichocho, jinsi vijidudu vyake vinavyopenya ngozi ukisimama ndani ya maji ya ziwa. Kipindi kilipoisha, mkuu akakumbuka kuwa wageni wa afya wanakuja kukagua vibuyu chirizi vyetu vya kunawia mikono, na bomba limekauka. Akawatuma wanafunzi wale wale ziwani na ndoo.

Neema akaniuliza, "Mwalimu, tuingie mpaka wapi?"

Nikamwambia amuulize mkuu.

Wageni walinawa, wakasifu usafi wetu. Neema alikuwa nyuma yao akipiga makofi, sketi imelowa mpaka mapajani.